Mito Huchorwa Kutoka Chemchemi

Katika nyumba moja ya mbao mjini Goma, iliyojengwa juu ya jiwe jeusi ambalo miaka michache tu kabla ya siku hiyo lilikuwa moto unaotiririka, nilimwona mzee mmoja akichora mto. Sikuwa nimekwenda kwa ajili yake. Nilimwendea mwanawe, fundi wa redio, na kwa kuwa mwanawe alikuwa ametoka nilionyeshwa kigoda nikaketi, naye mzee, baada ya kuipokea salamu yangu kwa kutikisa kichwa bila kuinua macho, akaendelea na kazi yake. Mbele yake palikuwa na karatasi nyembamba inayopenyeza nuru, imetandazwa juu ya karatasi nyingine kuukuu iliyogeuka rangi ya chai, na mkononi alishika kalamu ya chuma ya kuchovya wino, ya namna ile niliyodhani imekwisha duniani. Mto ulianzia upande wa mkono wake wa kuume, milimani, mwembamba kama uzi wa buibui. Ukashuka kuelekea mkono wa kushoto ukinenepa kidogo kidogo, ukipinda alipopinda yeye kifundo cha mkono, hata alipofika mahali ambapo karatasi ya chini ilikuwa imeliwa na mende, akasita, akaifuta kalamu kwa kitambaa na kuilaza. Mimi, kwa ujinga wa ujana, nikasema, "Papa, si ungeanzia huku chini kunakoonekana vizuri, kisha ukapanda?" Ndipo aliponitazama. "Mwanangu," akasema, "maji hayapandi. Mto huchorwa kutoka chemchemi."

Karatasi ile ya chini, kama nilivyokuja kufahamu, ilikuwa ramani ya kale ya nchi ya Masisi na Walikale, iliyochapwa zama za Wabelgiji kwa kipimo cha 1:200,000, yaani sentimita moja ya karatasi kwa kilomita mbili za ardhi. Ni mraba mmoja ulio kati ya latitudo ya 1 na ya 2 kusini mwa Ikweta, na kati ya longitudo ya 28 na ya 29 mashariki, wenye kilomita 111 hivi kila upande, na ndani yake Masisi imekaa kuumeni na Walikale kushotoni, kama wakwe wawili walioketi ncha mbili za mkeka mmoja, wasitake kukaribiana wala kuachana. Mji wa Sake umekosa kuingia kwa upana wa kidole. Upande wa Masisi ile mistari ya kahawia inayoonyesha vimo vya ardhi imesongamana hata ukiitazama kwa mbali utadhani ni alama ya kidole gumba cha jitu, na kila inapokaribiana sana ndipo magoti ya mpandaji yanapolia. Lakini kadiri jicho linavyokwenda magharibi mistari huachana, hupungua, hatimaye hupotea chini ya rangi ya kijani, na msitu hutwaa kila kitu. Katikati ya haya hupita mto Lowa, uliozaliwa katika milima ya Masisi, ukishuka kwenda Walikale na kupokea Oso na mito mingine njiani, hata uingie Lualaba. Tone la mvua likianguka upande wa pili wa milima hiyo hiyo, upande wa Sake, huingia Ziwa Kivu, huteremka kwa Ruzizi hadi Tanganyika, hutoka Tanganyika kwa mto Lukuga, na mwisho huingia Lualaba nalo. Na huko, baada ya kuizunguka nchi nzima, yamkini hupita mbele ya kinywa cha Lowa ambamo nduguye ametokea kwa njia fupi. Hayo mzee alinionyesha kwa ncha ya kijiti siku ya tatu nilipokwenda. Maana nilirudi, na fundi wa redio hakuwa tena sababu.

Kazi yake aliianza miaka ya 1950, kijana wa kubeba ile miguu mitatu ya chombo cha kupimia pembe, wakati ambapo Taasisi ya Jiografia ya Kongo ya Kibelgiji ilikuwa ikipeleka ndege kuipiga nchi picha kutoka angani. Wengi hudhani kwamba ndege ilipokwisha kupita ramani ilikuwa tayari, kama vile mtu anavyodhani kwamba ng'ombe akichinjwa pilau limeiva. Picha hizo zilipigwa zikifuatana, kila moja ikimfunika mwenzake kwa kadiri ya asilimia 60, na mchoraji aliziweka mbili mbili chini ya vioo viwili, jicho hili likitazama picha hii na jicho lile picha ile, hata ghafla, baada ya machozi kumtoka, vilima vikanyanyuka kutoka mezani kama unga uliotiwa chachu. Mzee alisema kwamba mara ya kwanza aliponyanyukiwa na Masisi namna hiyo alirudisha kichwa nyuma, asije akagonga pua. Lakini Walikale haikunyanyuka. Kilichonyanyuka huko kilikuwa vichwa vya miti, bahari ya majani isiyo na ufa, na chini yake, mahali ambapo jicho la ndege halikufika, yalijificha mabonde, vijito, njia za wawindaji na makaburi ya watu. Kwa hiyo msitu ulibaki kupimwa kwa miguu: panga mbele, dira nyuma ya panga, na nyuma ya dira kijana mmoja akihesabu hatua kwa sauti, na mwenye kipimahewa akingoja mvua ikatike ili ajue amepanda au ameshuka. Walikale ina kilomita za mraba 23,475, ilhali Masisi haifiki 5,000. Mwenye kuzihesabu hatua hizo huona kwa nini ramani ya upande wa kushoto ina sehemu nyeupe.

Nami kabla ya kumjua mzee huyu nalikuwa nikizidharau sehemu nyeupe, nikiziona kama alama ya uvivu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba hizo ndizo insafu ya fundi. Palipokuwa na wingu siku ya picha, au palipokosa kufikiwa na mtu, mchoraji mwaminifu aliiacha karatasi ilivyotoka kiwandani, akaandika pembeni kwamba hapa hapajapimwa. Aliyekosa uaminifu alijaza. Mwaka 1798 James Rennell wa Uingereza alichora katika Afrika ya Magharibi safu ndefu ya milima iliyoitwa Milima ya Kong, na mafundi wa Ulaya wakainakili kutoka ramani hadi ramani kwa muda wa miaka 90, hata Mfaransa Binger alipokwenda kwa miguu mwishoni mwa miaka ya 1880 asiione, kwa kuwa haikuwapo. Miaka 90 ya milima isiyo na jiwe hata moja! Mzee alipoisikia hekaya hiyo hakucheka. Aliuliza tu kama mtu huyo alikuwa akilipwa kwa ukubwa wa eneo.

Walakini nilichokipenda kupita vyote katika karatasi ile, na ambacho nikifumba macho hukiona hata leo, ni majina ya mito. Majina ya miji yaliandikwa kwa herufi nyeusi zilizosimama wima kama askari, ya vilima kwa herufi nyeusi nyembamba, lakini ya mito yaliandikwa kwa wino wa buluu, kwa herufi zilizoinama, na kila jina lilikaa juu ya mgongo wa mto wake likipinda nao, lisiuvuke, lisiuguse, lisiuache. Mzee alikuwa na kanuni zake katika hili, na alizisema kwa taadhima kama mwalimu wa chuoni asemavyo nguzo za swala: jina lisiwekwe mahali mto unapokutana na mwingine, maana msomaji atashindwa kujua mwenye jina ni nani; lisiandikwe mara moja tu katika mto mrefu, maana msafiri akiingia katikati hatajua amefika wapi; na herufi zitawanywe kwa kadiri ya mwendo wa maji, mto wa kasi herufi zikaribiane, mto mpole ziachane. Lowa ina herufi nne tu, naye karibu na Walikale alizitawanya kwa urefu wa shubiri nzima, hata mtu akitaka kulisoma jina sharti aufuate mto.

Siku moja nikaona jambo, nikamwambia. Lowa unakwenda magharibi, na khati yetu hii ya Kirumi huanzia kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo jina la mto aliouchora kwa uangalifu mkubwa kutoka chemchemi husomeka likipanda maji. Lau angaliandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wa pwani barua na tenzi zao, jina lingalishuka na mto wake. Alinyamaza kitambo kirefu, hata nikaogopa kwamba nimemkosea adabu, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyepatikana baada ya miaka 50. "Basi," akasema, "jina hupanda kama ngoma ya Mwindo." Kila aliyekulia Walikale anaijua ngoma hiyo: mtoto shujaa wa Wanyanga, aliyefungiwa ndani yake na babaye na kutupwa majini, naye badala ya kupotelea chini akapanda mto kumtafuta shangazi yake Iyangura. Habari hizo, zilizosimuliwa na Candi Rureke, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walizichapisha mwaka 1969, na mwenye kuzisoma ataona kwamba msitu ule ulikuwa na ramani yake muda mrefu kabla ya kalamu za chuma, ila ilikaa katika ulimi.

Na kazi kubwa ya ramani, kwa kweli, ni ya ulimi. Mlima hupimwa na chombo, bali jina la mlima hupimwa kwa kuuliza, na katika kuuliza ndimo mzee wangu alimokuwa fundi kuliko mabwana waliomfundisha. Alisema kwamba bwana mmoja aliyemfuata katika safari za kwanza alikuwa na desturi ya kunyoosha kidole na kusema, "Hii nini?" na kuandika neno la kwanza lililotoka, na neno la kwanza, kama kila mtu ajuavyo, aghalabu huwa "mlima", au "maji", au "sijasikia, bwana". Tusiwacheke sana, kwa maana jina la Zaire, lililokuwa jina la mto wetu, la fedha yetu na la nchi yetu nzima kuanzia 1971 hata 1997, Wareno walilipata kwa namna hiyo hiyo, kwa kusikia vibaya neno la watu wa mlangoni mwa bahari ambalo maana yake ni mto tu. Mzee yeye hakunyoosha kidole. Alipofika kijijini alisalimu, akaketi, akangoja mpaka aulizwe habari. Kisha akauliza watu watatu, mbali mbali, wasisikiane: mwindaji, kwa kuwa anakijua kilima kwa nyuma. Mwanamke arudiye kisimani, kwa kuwa anakijua kijito kwa ladha. Na mtoto achungaye mbuzi, kwa kuwa bado hajajifunza kumpendeza mgeni. Watatu wakikubaliana, jina liliandikwa. Wakihitilafiana, aliandika kwa kalamu ya risasi, akalala hapo hapo usiku mmoja zaidi. Ni mara nyingi alikuta kilima kina majina mawili, moja la Wahunde walio huku na moja la Wanyanga walio kule, na kila jina lina nasaba yake, naye akiyapeleka yote mawili ofisini. Huko ofisini jina moja lilifutwa, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, na lililobaki karani akalivika kofia ya Kifaransa, ndipo Kichanga ikapata "tch" yake, ambayo haijaweza kuitema hata leo.

Neno ramani lenyewe limetokana na kuuliza njia. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na kitabu walichokiita rahmani, neno la Kiajemi lililopita Uarabuni hata likafika kwetu, na ndani yake hamkuwa na picha nyingi, bali mlikuwa na maelezo: ukiiona nyota fulani kwa kimo fulani, na pepo zikiwa za namna fulani, tia nanga. Mwaka 1154 Sharif al-Idrisi, katika nchi ya Sisilia, alimaliza ramani ya dunia aliyomfanyia mfalme Roger, na kusini akaiweka juu; miaka mingi kabla ya hapo wasafiri walikuwa wakiitwa mbele ya mfalme na kuulizwa mmoja mmoja, na yale waliyokubaliana ndiyo yaliyochorwa. Mzee hakupata kumsikia al-Idrisi, nami nilipomweleza alishangaa tu kwamba alihitaji wasafiri wengi, wakati watatu wanatosha.

Nchi yetu ya Kivu iliingia katika ramani za Ulaya kwa kuchelewa. Gustav Adolf von Götzen, yule aliyekuja kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Maji Maji, aliondoka Pangani mwezi wa Desemba 1893, akaliona Ziwa Kivu mwaka 1894, akapanda Nyiragongo, kisha akaingia msituni kwenda magharibi kwa taabu nyingi, akafika mto Kongo mwezi wa Septemba. Jina lake limo katika vitabu vyote. Majina ya wapagazi wa pwani waliobeba vyombo vyake vya kupimia, na ambao Kiswahili chao ndicho kilichouliza njia kila asubuhi katika nchi ambayo sasa ni Masisi na Walikale, hayamo katika ramani yoyote; nami nikisikia watu wakisema kwamba Kiswahili kililetwa huku na redio au na wafanya biashara wa magari, huwakumbuka watu wale na kusikitika.

Nisije nikaonekana kama nasema ustadi huu ni wa watu wa wino peke yao. Waluba wa kusini wana ubao wao uitwao lukasa, uliopambwa kwa shanga na kauri, ambao mjuzi wa chama cha Mbudye huushika kwa mkono wa kushoto na kuupapasa kwa kidole cha kulia, akisoma humo wafalme, safari na mahali patakatifu. Na mbali kabisa na jua letu, katika pwani ya mashariki ya Greenland, ambako bahari huganda na siku za baridi jua huonekana kwa kitambo kifupi tu, mwindaji mmoja aitwaye Kunit alimpa Mdenmarki Gustav Holm, miaka ya 1884 na 1885, vipande vya mti alivyovichonga kwa mkono wake: kimoja kilikuwa pwani yenyewe na hori zake zote, kila pengo mahali pake, ikishuka upande mmoja wa mti na kuendelea upande wa pili, kingine kilikuwa visiwa vilivyo mbele ya pwani hiyo. Nilipomsimulia mzee habari hii ndipo kwa mara ya kwanza nilimwona na husuda. Alitaka kujua mti ulikuwa wa aina gani. Nikasema huko hakuna miti, ni magogo yanayoletwa na mawimbi. Akatikisa kichwa. Mtu asiye na mti wala karatasi, akasema, naye bado hakukubali kuisahau pwani yake.

Lakini si haki kuisifu ramani kama bibi arusi na kunyamazia aliyoyafanya. Palepale chini ya vidole vya mzee, katika milima ya Masisi, ilipita mistari mingine ambayo haikuwa mito wala vimo. Tangu tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Leopold ilikuwa imetangaza kwamba ardhi tupu ni mali yake. Na ardhi tupu ilikuwa nini, kama si ile ambayo mwenye kalamu hakuona paa juu yake? Malisho ya kesho, shamba lililopumzishwa, msitu wa matambiko, vyote vilionekana vitupu kwa mtu aliyepita bila kuuliza. Mwaka 1928 Kamati ya Taifa ya Kivu ikapewa mamlaka juu ya ardhi kubwa ya jimbo hili, na kuanzia 1937 familia zikaletwa kutoka Rwanda na kuwekwa Gishari, katika milima hiyo hiyo. Waliokuwako hawakuulizwa kama wamekubali, na walioletwa hawakuulizwa mengi nao, wakajikuta pande mbili za mstari uliochorwa na mtu wa tatu ambaye hakulala hapo hata usiku mmoja. Mzee hakuikwepa habari hii. Alisema kwamba aliwahi kuagizwa kuunakili mpaka wa shamba moja kubwa, na kwamba ndani ya mpaka huo palikuwa na kijito alichokiandika jina yeye mwenyewe, akiwa ameambiwa na mwindaji, mwanamke na mtoto. Naye akaunakili mstari, kwa kuwa alikuwa na watoto wa kulisha. "Mstari ulikuwa mzuri," alisema. "Haukutetemeka." Hakuongeza neno.

Sasa tumepewa ramani katika simu, na kila kijana aliyepanda pikipiki hapo Sake anayo dunia nzima mfukoni. Sikatai manufaa yake. Nimewaona vijana wa nchi za mbali, wasiopata kulikanyaga tope letu, wakikaa usiku kuchora paa moja moja kutoka picha za angani ili dawa na vyakula vijue pa kwenda, na hiyo ni sadaka ambayo wengi wetu hatukuitoa. Lakini fungua simu hiyo juu ya Walikale uone: kijani, kijani, uzi mmoja wa njia, na majina machache yaliyodondoshwa kama nafaka kutoka gunia lililotoboka, moja upande usio wake wa mto, jingine limeandikwa mara mbili, jingine ni la kijiji kilichohama zamani watu walipokimbia bunduki. Kilambo inaonekana ni barabara. Haionyeshi kwamba ndege zilizobeba bati zilikuwa zikitua juu ya lami yake. Bisie, ambako bati lilianza kuchimbwa kwa wingi mwanzoni mwa karne hii, inajulikana kwa wanunuzi wa dunia. Muulize mmoja wao jina la kijito kinachoosha mawe hayo. Na simu yenyewe, ambayo haikijui kilima cha Rubaya kwa jina alilokiita bibi yake mchimbaji, pengine imebeba tumboni mwake chembe ya kilima hicho hicho.

Wala haimwombi mtu amsalimu mwingine. Hili ndilo linaloniuma. Mgeni wa zamani asiyejua njia alisimama mlangoni mwa watu, akapewa kiti, akapewa maji, akaulizwa anatoka kwa nani. Akaondoka na jina la mlima, na huenda na la mchumba. Mgeni wa leo hupita amekitazama kiganja chake, na kijiji humjua kwa vumbi.

Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma hata ziwani, mzee alitoka nyumbani na bomba moja la bati mgongoni, lile walilotumia wapimaji kubebea karatasi, na mkewe alimlaumu mpaka kufa kwake kwa kuliacha godoro. Nilimwuliza kwa nini hakuchukua vyote viwili. Akasema godoro lilikuwa na mwenzake sokoni. Ndani ya bomba zilikuwamo karatasi nne. Tatu zilikuwa zimeshikana kwa unyevu wa miaka, zikapasuka zilipofunguliwa, na ya nne ndiyo ile niliyoikuta mezani. Alikuwa akiinakili upya yote, si kwa amri ya mtu wala kwa malipo, na kila siku alichora kadiri ya kiganja kimoja. Alijua kwamba milima hii haina staha kwa ramani. Nyamulagira ulipolipuka mwaka 1938, lava yake iliyotiririka hata 1940 iliingia Ziwa Kivu karibu na Sake na kuibadili pwani, na kila karatasi iliyochapwa kabla ya hapo ikawa ya uongo. "Mlima nao ni mchoraji," alipenda kusema, "ila haulizi."

Hakuimaliza. Alifika magharibi mwa makao makuu ya Walikale, pale Lowa unapopinda, na macho yakakataa. Mwanawe aliniletea karatasi zote mbili, ya kale na mpya, zimefungwa kwa kamba ya redio, nami ninazo. Juu ya ile ya kale, katika sehemu nyeupe, mzee ameandika kwa kalamu ya risasi majina 11 ambayo ofisi haikupata kuyachapa, na pembeni ya kila moja ameweka nukta tatu ndogo: mwindaji, mwanamke, mtoto. Jina la 12 lina nukta mbili. Ni kijito kinachoingia Lowa kutoka kusini, na palipopaswa kuwa na nukta ya tatu ameacha nafasi. Msomaji mwenye mzee wa kwao upande wa Walikale, hasa mzee aliyechunga mbuzi huko utotoni, na aje anione. Kalamu ya risasi ninayo, na nafasi haijajazwa.